Ziwa Tanganyika: kufukua Lukuga peke yake hakutaokoa Uvira na Kalemie

Kila mara maji ya Ziwa Tanganyika yanapoingia katika nyumba za Uvira na Kalemie, ombi la wakaaji ni lile lile: serikali ifukue mto Lukuga ili maji yapate njia. Ombi hilo lina msingi. Lukuga, unaoanzia Kalemie na kwenda kujiunga na Lualaba, ndio mlango pekee wa ziwa hili la kilomita za mraba karibu 32.900.

Historia inaonyesha hivyo. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta mlango huo umezibwa na udongo na majani. Miaka miwili baadaye maji yalivunja kizuizi, na ziwa likashuka mita nyingi.

Lakini lilishuka kwa miaka mingi, si kwa msimu mmoja. Hesabu ni rahisi: sentimita moja tu ya ziwa hili ni mita za ujazo milioni 329. Lukuga ukipitisha mita za ujazo 100 zaidi kila sekunde, utahitaji siku 38 kuondoa sentimita hiyo. Kwa mita moja, ni zaidi ya miaka 10.

Ni kwamba maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa Lukuga. Yanatoka kwa juu: jua na upepo huyageuza mvuke, na sehemu yake hurudi kama mvua, zile radi za usiku ambazo wavuvi wa ndagala wanazijua vizuri. Mvua ikizidi mvuke, ziwa linapanda. Ndivyo ilivyokuwa mwisho wa 2019, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kawaida upande wa Afrika, na tena mwisho wa 2023, safari hiyo pamoja na El Niño. Mwaka 2024 ziwa lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kinacholingana na kile cha 1964.

Kulaumu mabaraji ya Ruzizi nako hakufiki mbali. Ziwa Kivu ni dogo karibu mara 14: hata likimwaga mita nzima, Tanganyika lingepanda sentimita 7 tu.

Tena, si kila gharika ya Uvira ni ya ziwa. Ile ya Aprili 2020, iliyoua watu wengi, ilitoka mlimani, kwa mto Mulongwe. Hapo Lukuga haina neno.

Kuna na upande wa pili. Miaka ya 2010 kilio kilikuwa kinyume: maji yalipungua, na Tanzania ilizungumza na Kongo juu ya kujenga kizuizi kwenye Lukuga ili kuinua ziwa. Mlango uko Kalemie, lakini nchi nne zina mkataba wa 2003 na Mamlaka ya ziwa huko Bujumbura. Kufukua sana leo kunaweza kukausha bandari kesho.

Tangu 1964, kizazi kizima kimejenga kwenye mchanga ambao ziwa liliuacha. Kufukua Lukuga kunahitaji fedha na makubaliano. Kuweka alama kwenye kimo cha 1964, na kukataa kutoa hati za viwanja vilivyo chini yake, ni kazi ambayo ofisi za viwanja za Uvira na Kalemie zinaweza kuianza bila kungoja Bujumbura wala Dodoma.