Mwana wa Mhunzi na Chuo cha Ufundi

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekulia penye tanuri la baba yake hakosi kushika kazi: asipoweza kufua chuma, hushika mivuo akachochea moto. Wahenga hawakusema kwamba mwana wa mhunzi huketi pembeni akanakili maelezo juu ya nyundo, kisha akatahiniwa kwa kuyarudia maelezo hayo neno kwa neno. Lakini hiyo ndiyo desturi iliyoota mizizi katika vyuo vyetu vingi vya ufundi na uhandisi. Insha hii inaipinga desturi hiyo, na inaipinga kama jambo la utamaduni, kwa kuwa mtaala waweza kubadilishwa kwa waraka mmoja, lakini mazoea ya kuogopa fikra mpya hayaondoki kwa waraka.

Wapo watakaoshangaa kuona mitambo imetiwa katika mazungumzo ya utamaduni. Kwao utamaduni ni ngoma, mavazi na mashairi. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na siwezi kuyadharau; lakini nakataa katakata kwamba utamaduni wa taifa huishia hapo. Wamatengo wa Mbinga walipochimba ngoro katika miteremko ya milima yao, wakalaza majani na kuyafukia ili mvua isichukue udongo, huo ulikuwa uhandisi. Wachagga walipochora mifongo ubavuni mwa Kilimanjaro, wakayaongoza maji hadi mashambani kwa kufuata mwinuko wa ardhi, huo ulikuwa uhandisi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya uyeyushaji wa chuma huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Walieleza kwamba tangu miaka 1500 hadi 2000 iliyopita wahunzi wa huko waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kufika penye mkaa. Hakuna aliyewapa wahunzi hao kitabu cha majibu. Walijaribu, wakashindwa, wakarekebisha, wakarithisha.

Basi asitokee mtu akatuambia kwamba ubunifu ni mgeni kwetu. Mgeni ni woga.

Vyuo tunavyo. Taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1957, ikawa Chuo cha Ufundi mwaka 1964, na tangu mwaka 1997 yaitwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Chuo cha Ufundi Arusha kikafuata mwaka 1978, na cha Mbeya mwaka 1986, ambacho leo ni chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Vyuo hivi vimetoa mafundi sanifu na wahandisi waliojenga barabara zetu, wakatandaza nyaya za umeme na kuchimba visima. Heshima yao haina ubishi. Lakini swali linabaki: katika mashine zinazosaga, kukamua na kukoboa mazao ya nchi hii, ni ngapi zilizofikiriwa na vijana wetu wenyewe? Mhandisi ambaye kazi yake yote ni kuagiza kifaa kutoka ng'ambo, kukifunga na kungoja kiharibike ili aagize kingine, amesomeshwa kwa gharama kubwa ili awe karani wa viwanda vya wengine. Taifa lililojitawala halikujenga vyuo kwa shabaha hiyo.

Tazameni jinsi fikra inavyouawa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa haba, naye akaingiza maziwa yake yangali moto. Akaona ajabu: yake yaliganda kabla ya yale yaliyoingizwa yakiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Na aliposhikilia hoja yake, akafanyiwa mzaha mbele ya darasa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alilirudia swali lake mbele ya Dakta Denis Osborne aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka, mgeni hakucheka, bali aliahidi kulijaribu. Akalijaribu, na mwaka 1969 makala ya watu wawili hao ilichapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Leo dunia nzima hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu zake, na hata juu ya lini hutokea. Ubishi huo haupunguzi kitu. Jambo kubwa ni kwamba kijana aliamini macho yake, na mtu mzima mmoja akakubali kupima badala ya kucheka. Je, ni wangapi waliochekwa wasimpate Osborne wao?

Watetezi wa desturi ya kukariri wana hoja tatu, na haifai kuzipita kimya.

Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi sharti ajue kwanza, kisha ndipo abuni. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uwongo mzima. Katika ushairi mwanagenzi hufundishwa vina na mizani. Huambiwa mshororo una mizani 16, 8 na 8, naye hana ruhusa ya kupunguza hata mmoja. Lakini hajifunzi sheria hizo miaka minne bila kutunga. Hutunga tangu siku ya kwanza, akakosea, akasahihishwa, akatunga tena. Hajapata kuwako malenga aliyefikia cheo hicho kwa kughani tungo za wenzake tu. Sheria za nguvu na joto ni mizani ya mhandisi. Ni za kutungia kazi, si za kughaniwa katika chumba cha mtihani.

Hoja ya pili ni uhaba wa vifaa. Uhaba upo, nao ni wa kweli. Lakini nendeni Gerezani, jijini Dar es Salaam, mkamtazame fundi asiye na cheti akigeuza pipa kuukuu kuwa jiko, na bati kuwa sanduku la safari. Uhaba ndio uliomfundisha. Kama uhaba humzindua fundi wa mtaani na kumlaza mwanafunzi wa chuo, basi kasoro haiko katika vifaa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: uhandisi hauna mchezo, na daraja likianguka huua watu. Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu kijana apaswa kuanguka mapema, katika karakana, juu ya meza, chini ya jicho la mwalimu, mahali ambapo kosa hugharimu kipande cha mbao na si roho ya mtu. Aliyezuiwa kukosea akiwa mwanafunzi atakosea akiwa mkuu wa kazi. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Nini basi kifanywe? Kwanza, jaribio lililoshindwa, likiandikwa kwa uaminifu na kuchambuliwa sababu zake, lipewe alama. Tusipofanya hivyo tutaendelea kuwafundisha vijana kughushi matokeo. Pili, kazi ya mwaka wa mwisho isizikwe ghalani baada ya kutolewa alama. Mashine ya kupukuchua mahindi iliyoanzwa mwaka huu ikabidhiwe darasa la mwakani ili wairekebishe, na la mwaka utakaofuata, hata ifike shambani. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayofanyika tangu mwaka 2019, ni jambo jema. Lakini shangwe ya siku chache haitoshi kulea wazo linalohitaji miaka. Tatu, fundi wa Gerezani, mjenzi wa majahazi na mkulima waalikwe chuoni kama walimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chuo nacho kiiname.

Nne ni lugha. Kijana wetu huota, huuza na hutania kwa Kiswahili, lakini akiingia darasani hulazimika kufikiri kwa lugha ambayo wengi huitumia kwa kukariri. Simwambii aiache lugha ya kigeni; aijue na aimudu. Ila wazo changa ni kama moto wa makumbi, huzimika likihamishwa kabla halijashika. Mwacheni aulize, abishane na mwenzake, ataje wenzo, roda, parafujo na ekseli kwa ulimi wake, tafsiri itafuata. Ajabu ni kuona mhandisi asiyeweza kumweleza mhunzi anachotaka kufuliwa.

Serikali imeanza kufungua mlango. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limetenga mkondo wa amali katika shule za sekondari. Lakini sera haishiki randa wala haiwashi tanuri. Mkondo wa amali utakaofundishwa kwa madokezo na imla utakuwa ukasuku ule ule uliovikwa ovaroli.

Kwenu walimu: swali ambalo hamlijui jibu lake si fedheha. Semeni, "Hatujui, na tupime." Maneno hayo matatu yatazaa wahandisi wengi kuliko vitabu vyote vilivyomo makabatini mwenu. Nanyi wanafunzi, msingoje ruhusa ya kufikiri. Pampu ya kijiji imeharibika, maembe yanaoza msimu hadi msimu, na mama angali anapulizia moto wa kuni mbichi. Maswali hayo hayako katika mitihani iliyopita, na hakuna atakayekuja kutoka mbali kuyajibu kwa ajili yenu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tanuri ni letu na mivuo ni yetu. Asiyeweza kusana leo, na avukute.