Daftari la Wiki: Mkweche, Masika na Mbuga

Neno "changamoto" limeendelea wiki hii kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na maneno shida, uzembe, ubovu, njaa na mvua, na maneno hayo yote sasa yako kijiweni, hayana ajira.

* * *

Mashindano ya uvumilivu katika mchezo wa magari ni yale ambayo ushindi wake hautokani na kasi ya mzunguko mmoja, bali na umbali ambao gari limemudu kwenda ndani ya muda uliowekwa, mathalani saa 24, kama inavyofanyika Le Mans nchini Ufaransa tangu mwaka 1923. Huo ni mchezo wa wenye fedha, na ndiyo sababu mwaka 2006 Jay Lamm alianzisha huko California mashindano ya kuubeza, yanayoitwa 24 Hours of Lemons, jina linalochezea lile la Le Mans kwa kuwa Wamarekani huliita gari bovu "limao". Sharti lake kuu ni kwamba gari lisizidi thamani ya dola 500, ukiondoa vifaa vya usalama, na zawadi yake inayothaminiwa zaidi haiendi kwa gari lililotangulia, bali kwa lile ambalo kwa ubovu wake hakuna aliyetarajia lifike lilikofika. Kiswahili hakihitaji kuazima limao hilo, kwa kuwa kinao mkweche, na vijana wa gereji za Kahama wana "kimeo", neno ambalo husemwa kwa sauti ya chini ikiwa mwenye gari yuko karibu.

Mvua ndiyo rafiki wa mkweche. Tairi linapopita kwa kasi juu ya maji, kashata zake, yaani ile mikato inayochota maji na kuyatupa pembeni, huzidiwa, na gari huanza kuelea juu ya utando mwembamba ambao hautambui kama injini iliyo nyuma yake ni ya farasi 90 au 300. Hapo mwenye nguvu analazimika kwenda polepole kama asiye nazo, na ushindani huhamia kwenye mambo madogo ambayo tajiri hakuyafikiria na maskini hakuyamudu: waipa inayokwama katikati ya kioo, ukungu unaotanda kwa ndani, na maji yanayopenya hadi kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi katika magari ya zamani, na kulizima gari pasipo kelele yoyote.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na mchezo wa namna hii zaidi ya nusu karne kabla ya California, na bila dhihaka. Mashindano ya kwanza ya East African Coronation Safari yalifanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni 1953, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kanuni yake iliyo bora kuliko zote ni ile ya kuyapanga magari katika madaraja kwa bei yake ya dukani badala ya ukubwa wa injini, hivyo kwamba gari la bei nafuu lilishindana na wenzake wa bei nafuu. Baadaye yakazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, maana yake katikati ya masika, na hapo ndipo udongo ulipoingia uwanjani kama mshiriki asiyelipa ada. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena, na katika miaka yote miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya gari la aina ileile, Peugeot 404.

Tanzania nayo haikukaa pembeni. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akisomewa njia na Chris Rothwell, alitwaa ushindi wa 1966 na kuurudia 1967, naye pia kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo watu walilinunua ili kupeleka watoto shule na mizigo sokoni. Mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walikuwa wameshinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, wakiwa wameanza na namba 1 ubavuni, na namba hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu katika tope anayetangulia hukuta ardhi ambayo haijavurugwa, ilhali anayefuata nyuma ya magari 40 hukuta uji. Ikapita miaka hadi 1972 ndipo dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki, Hannu Mikkola wa Finland, alipoweza kushinda. Viwanda vya Ulaya vilileta mafundi na vipuri. Wenyeji walijua tu ni mto gani hujaa saa ngapi baada ya mvua kunyesha mlimani. Ni haki kuongeza kwamba katika picha za miaka ya mwanzo Mwafrika haonekani sana nyuma ya usukani. Huonekana nyuma ya gari, akisukuma.

Ujuzi huo wa tope una elimu yake, na Usukuma ni mahali pazuri pa kuisomea. Wakulima wa Kisukuma huupa udongo majina kwa kufuata mteremko, kuanzia luseni, ule wa kichanga ulio juu, kupita itogolo lililo katikati, hadi mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio bondeni, na mpangilio wa namna hii ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika miaka ya 1930, aliufanya kuwa nadharia inayofundishwa leo duniani kwa jina la katena. Mbuga ikikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi; ikinyeshewa huvimba, kwa sababu chembe zake hunyonya maji kati ya matabaka yake, ikawa laini juu na kunata kama ulimbo. Barabara isiyo na tuta, inayotoka luseni kushuka mbugani na kupanda tena, humpa dereva mitihani mitatu ndani ya kilomita mbili, na kila mtihani una jibu linaloharibu jibu la uliotangulia. Kwenye mchanga hupunguza upepo wa tairi ili lipate upana. Kwenye tope jepesi hutaka tairi jembamba litakaloukata ute na kufikia ardhi ngumu iliyo chini yake. Na kwenye mbuga yenyewe hakuna tairi linalosaidia sana, kwa kuwa tope hujaza kashata na kuligeuza hata tairi jipya kuwa kipara katika mizunguko michache. Kisha hupanda hadi chini ya bawa la gari na kujishindilia humo mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mtu hulazimika kulala ubavu na kulikwangua kwa panga. Volkswagen yenye mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari kwa mara ya mwisho mwaka 1962, ilipendwa kwenye tope kwa sababu moja isiyo ya kifahari: injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, nayo huyakandamiza ardhini pale magari mengine yanapozungusha matairi hewani.

* * *

Safari Rally, jina la leo la mashindano yale ya 1953, ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikachezwa Juni kwa miaka mitatu, kisha mwaka 2024 ikarejeshwa Pasaka. Mvua nayo ikarejea. Ikaitwa changamoto.

* * *

Yote yaliyosemwa hapo juu kwa furaha yanabadilika sura mara moja mtu akiifikiria michomoko. Mchomoko, kwa msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa, ni gari dogo la binafsi, aghalabu Toyota Probox au mfano wake, linalobeba abiria kwa nauli kati ya miji kama Geita, Katoro, Kahama na vijiji vya wachimbaji wadogo, na jina lake linatokana na kuchomoka, kwa maana ya kutoka kwa kasi kabla hujaonwa. Gari lililoundiwa watu watano hubeba wanane au zaidi, wawili wakiwa kiti kimoja cha mbele na wengine wakiwa kwenye buti pamoja na ndoo, na hilo ndilo shindano la uvumilivu la bei nafuu linaloendeshwa kila siku ya masika pasipo bendera. Wapo wanaolisifu kwa maneno ya kimichezo, wakisema kwamba madereva wa huku wangewashinda wale wa Safari Rally kule Naivasha. Sifa hiyo haifai. Hata katika mashindano ya dola 500 huko Marekani gari halivuki mstari wa kuanzia bila vyuma vya kulinda paa, mkanda wa kweli na ukaguzi, na kila aliye ndani amechagua mwenyewe kuwamo. Mama anayetoka Nyarugusu na mtoto mwenye homa hakuchagua mchezo wowote. Amepanda kilichopo, katika mvua, kikiwa na vipara vinne.

* * *

Ndani ya uzio wa mgodi mkubwa, njia ya malori ya mawe hukwanguliwa na greda, huinuliwa mgongo katikati ili maji yashuke pande zote mbili, na huchimbiwa mitaro inayosafishwa kabla mvua haijaanza. Nje ya uzio, udongo ni uleule.

* * *

Mafundi wa gereji wanatakiwa kupongezwa kwa jambo moja: hawajapata kumwambia mteja kwamba gearbox yake ina changamoto. Husema imekufa.

* * *

Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka ule mtaro wa kando ya stendi uliotajwa humu mara tatu tangu mvua za vuli. Bado haujazibuliwa. Sasa una bata wawili, na wanaonekana wameridhika.