Vyuo vidogo vya Marekani na bei ya kuonekana

Katika Marekani michezo ya vyuo vikuu si burudani ya wanafunzi peke yao. Ni biashara kubwa, nayo hushindana na ile ya timu za kulipwa. Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wa mpira wa Kimarekani uwezao kuchukua watazamaji zaidi ya 100,000, nao hujaa. Mwaka 1922 redio ilikuwa ngeni. Mwaka 2022 jumuiya ya michezo iitwayo Big Ten, ambayo Michigan imo ndani yake, ilitia sahihi mkataba wa miaka 7 na makampuni ya televisheni ya Fox, CBS na NBC. Thamani ya mkataba huo ilitajwa kuwa dola bilioni 7 au zaidi.

Hayo ni mambo ya wakubwa. Vyuo vya daraja la kwanza katika michezo ya Marekani hupita 350, navyo vimejigawa katika jumuiya zipatazo 30. Kila jumuiya ina ligi yake, viongozi wake na kombe lake. Jumuiya nyingi kati ya hizo hazina uwanja wa watu 100,000, wala hazina kampuni ya televisheni inayobisha hodi mlangoni na mfuko wa fedha. Swali lililozisumbua kwa miaka mingi ni hili: mdogo ataonekanaje katika nchi ambayo asiyeonekana huhesabiwa kuwa hayupo?

Jibu lililopatikana katika miaka ya karibuni ni kurusha mechi kwa njia ya intaneti. Makala haya yanakusudia kuchunguza jibu hilo limeleta nini, nani amefaidika nalo, na nani analipa.

Huenda askari asomaye haya kambini akauliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi? Tunamwomba avumilie kidogo. Yamo yanayomhusu askari, na yamo yanayomhusu mtu wa Afrika ya Mashariki.

CHANZO CHA MAMBO

Tangu miaka ya 1950 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua ni mechi zipi za mpira wa Kimarekani zitakazoonyeshwa katika televisheni, na chuo kimoja kitaonekana mara ngapi. Hofu ya chama ilikuwa kwamba watu wakiona mechi nyumbani hawatakwenda uwanjani. Utaratibu huo ulikuwa na ubaya wake, lakini uliwawekea wakubwa mpaka.

Vyuo vya Oklahoma na Georgia viliukataa mpaka huo vikaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba chama kilikuwa kinavunja sheria ya ushindani wa biashara. Mmoja wa majaji wawili walioupinga uamuzi huo alikuwa Byron White, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira huo huo. Tangu siku hiyo kila chuo na kila jumuiya ikawa huru kuuza mechi zake yenyewe.

Uhuru huo ulikuwa wa wote kwa maandishi. Kwa vitendo, mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama. Vyuo vikubwa viliuza kwa bei kubwa, na vidogo vikabaki na saa chache zisizotakiwa na mtu. Jumuiya ya Mid-American, mathalani, ilijipatia jina kwa kukubali kucheza mechi zake Jumanne na Jumatano usiku katika mwezi wa Novemba, baridi ikiwa kali na mashabiki wakiwa na kazi kesho yake asubuhi. Haikufanya hivyo kwa kupenda. Jumamosi ilikuwa mali ya wakubwa.

MLANGO WA INTANETI

Televisheni ina saa 24 tu kwa siku, na kila mkondo huonyesha mchezo mmoja kwa wakati mmoja. Intaneti haina kizuizi hicho. Mechi 50 zaweza kurushwa kwa saa moja, na kila mtazamaji akachagua aipendayo. Hapo ndipo jumuiya ndogo zilipouona mlango. Baadhi zilijaribu kurusha mechi zenyewe, bure au kwa ada ndogo. Nyingine zilikwenda kwa makampuni.

Kampuni ya ESPN, ambayo sehemu yake kubwa ni mali ya Disney, ilianzisha huduma iitwayo ESPN+ mwezi Aprili 2018, kwa ada ya dola 4.99 kwa mwezi. Huduma mpya huhitaji vitu vingi vya kuonyesha, na jumuiya ndogo zilikuwa na mechi nyingi zisizo na mnunuzi. Haja hizo mbili zikakutana. Ivy League, yenye vyuo vya kale kama Harvard na Yale, iliingia mwaka huo huo wa 2018. Big Sky, ya majimbo ya milima ya magharibi, ambayo hapo awali mechi zake zilipatikana bure kwa intaneti, iliingia mwaka 2021. Kampuni nyingine, FloSports ya mji wa Austin katika Texas, ilifunga mkataba na jumuiya ya CAA mwaka 2019, kisha ikaanza kuziendea hata jumuiya za daraja la tatu, ambazo vyuo vyake havitoi udhamini wa masomo kwa sababu ya michezo.

Wakati huo huo televisheni ya waya ilikuwa ikidhoofika, maana mamilioni ya Wamarekani walikuwa wameacha kuilipia. Mwezi Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports, iliyomiliki mikondo mingi ya michezo ya mikoani, ilikwenda mahakamani kuomba hifadhi ya mufilisi. Kwa jumuiya ndogo, basi, intaneti haikuwa tena njia ya kando. Ilikuwa inageuka kuwa barabara yenyewe.

FAIDA ZAKE

Tuseme haki: faida zipo. Ya kwanza ni kwamba michezo ambayo haikupata nafasi katika televisheni sasa huonekana. Sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa wanawake na wanaume katika elimu ilivifanya vyuo vianzishe timu nyingi za wanawake. Hata hivyo timu hizo zilicheza miaka mingi bila kamera. Leo msichana achezaye mpira wa wavu au kandanda katika chuo kidogo huonwa na wazazi wake walio umbali wa maili 2,000.

Ya pili ni mafunzo. Katika mikataba mingi ya namna hii kampuni haileti wapiga picha wake. Chuo chenyewe hununua kamera, hujenga chumba cha mitambo, hutafuta mtangazaji, kisha huipelekea kampuni picha iliyokamilika kwa kiwango ilichokitaka. Wafanyakazi wengi katika kazi hiyo ni wanafunzi, nao huhitimu wakiwa na ujuzi mikononi.

Ya tatu ni jina. Mashindano makuu ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi huchukua timu 68, na bingwa wa kila jumuiya, hata iliyo ndogo, hupata nafasi. Mwaka 2018 chuo cha UMBC cha Maryland kiliishinda Virginia, timu iliyowekwa ya kwanza kuliko zote, kwa pointi 74 kwa 54. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson, chuo kidogo cha New Jersey, kiliitoa Purdue kwa 63 kwa 58. Siku kama hizo nchi nzima huuliza: hawa ni nani? Ni vyema picha zao za mwaka mzima ziwe zipo mahali zinapoweza kutazamwa.

NANI ANALIPA?

Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chuo kinachotengeneza picha chenyewe hubeba gharama zake chenyewe. Mkubwa hulipwa mamilioni ili aonyeshwe. Mdogo hupata kidogo, na mara nyingi gharama za mitambo humeza alichokipata. Kwa maneno mengine, jumuiya kubwa huuza mechi zake, na baadhi ya ndogo zinanunua nafasi ya kuonekana, ingawa haisemwi hivyo katika hotuba.

Mlipaji wa pili ni mzazi na shabiki. Ada iliyoanza kwa dola 4.99 mwaka 2018 ilikuwa imefika dola 11.99 kufikia mwishoni mwa 2024. Mwezi Agosti 2025 ESPN ilianzisha huduma mpya yenye mikondo yake yote kwa dola 29.99 kwa mwezi, na ile ya zamani ikabadilishwa jina. Nazo jumuiya zilizokwenda kwa makampuni mengine zilisikia malalamiko ya wazazi waliozoea kuwatazama watoto wao bure na sasa wanadaiwa ada. Mzazi hana pa kukimbilia, kwani mtoto wake hachezi penginepo.

Hatari ya tatu haionekani kwa haraka. Jumuiya ikishajifunga na kampuni moja, kampuni hiyo ndiyo ishikayo orodha ya watazamaji, hesabu za nani ametazama nini, na bei. Biashara ikiharibika, au bwana akibadili nia, mdogo hubaki na kamera bila njia.

Hata wakubwa wameonja. Katika kiangazi cha mwaka 2023 jumuiya ya Pac-12, mojawapo ya zile kongwe, iliwekewa mezani mkataba na kampuni ya Apple ambao ungetegemea sana idadi ya watu watakaolipa ada. Vyuo vyake vikaingiwa na wasiwasi. Colorado ilikuwa imekwisha kuondoka Julai. Tarehe 4 Agosti Oregon na Washington wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Jumuiya iliyodumu zaidi ya miaka 100 ikabakiwa na vyuo vichache. Yapo mengi yaliyoibomoa, lakini ni wazi kwamba wenye uwezo wa kuchagua hawakutaka kuishi kwa ahadi ya intaneti pekee. Walio wadogo hawakuwa na uchaguzi huo.

VYUO VYA MAJESHI

Sasa tumfikie askari. Chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point na chuo cha jeshi la majini cha Annapolis vina mechi ya mpira wa Kimarekani iliyoanza mwaka 1890 na ambayo huonyeshwa nchi nzima. Lakini katika michezo mingi mingine vyuo hivyo viwili ni wanachama wa jumuiya ndogo, Patriot League, ambayo mechi zake hupatikana katika huduma hii ya ESPN. Chuo cha kijeshi cha The Citadel, huko South Carolina, nacho kimo katika jumuiya ndogo ya Southern.

Kwa vyuo hivi fedha si jambo la kwanza. Tangu mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025, vyuo vya Marekani vyaweza kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wanafunzi wa West Point na Annapolis hawamo katika soko hilo, kwa kuwa wamekwisha kuwa watumishi wa serikali waliokula kiapo. Wanachokipata kwa kamera ni kingine. Baba au mama wa kadeti, ambaye hawezi kumwona mwanawe ila kwa ruhusa ya chuo, humwona akicheza. Hilo ni jambo dogo kwa mfanyabiashara, lakini kila mwenye mtoto kambini anajua uzito wake.

Na hapo tunafika kwetu. Sam Chelanga alikimbilia chuo cha Liberty, Leonard Korir chuo cha Iona, na Paul Chelimo chuo cha Greensboro huko North Carolina. Wote watatu ni wazaliwa wa Kenya, wote walisoma katika vyuo vya jumuiya ndogo, na wote baadaye walivaa sare za jeshi la Marekani. Chelimo alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na ya shaba huko Tokyo mwaka 2021. Dunia ilimwona Rio. Mbio za nyika za jumuiya ndogo, ambako vijana kama yeye hukomaa, hazikuwa na nafasi katika televisheni kubwa.

Leo mbio na mechi za vyuo hivyo zaweza kurushwa, lakini haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi. Huduma ipatikanayo Boston haifunguki kwa lazima Eldoret. Mzazi wa huku, aliyemtoa mtoto, huenda akawa wa mwisho kumwona.

Jambo la kushika ni kwamba kamera ikishafika uwanjani kazi haijaisha. Lazima kuulizwa ni ya nani, nani anailipia, na picha ikishapigwa inakwenda kwa nani. Vyuo vidogo vya Marekani vilipata kuonekana kabla havijauliza maswali hayo yote. Sisi pia tuna timu zisizo na fedha nyingi, zikiwamo za majeshi na za polisi, na simu zenye kamera zimejaa mikononi mwa watu. Siku kampuni itakapokuja na karatasi ya kutiwa sahihi, heri viongozi wa timu hizo wawe wamekwisha kuisoma mpaka mstari wa mwisho.