Kiti Kiwe na Bei Yake

Jioni pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, muuza kahawa huweka dele juu ya mkaa, akamimina kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kinachoenea kiganjani. Mtu akinunua kikombe kimoja na kipande cha kashata anaweza kukaa saa nzima akibishana mpira na siasa, wala hakuna atakayemnunia. Tumezoea kusema huo ni ukarimu wetu. Ni kweli, ila si ukweli wote: baraza lile halilipiwi pango. Muuzaji anauza kahawa tu, na anayekaa hamtii hasara.

Mgahawa wa kahawa wa Masaki au Mikocheni, Dar es Salaam, ni biashara nyingine kabisa. Pango, kiyoyozi, waifai na mafuta ya jenereta umeme unapokatika, vyote vimefichwa ndani ya bei ya kikombe. Kijana anayehariri video au kuandika programu kwa ajili ya mteja wa mbali anaagiza kapuchino moja saa tatu asubuhi na kuibembeleza mpaka saa nane mchana, povu limekauka ukingoni, naye anakwepa macho ya mhudumu. Mwenye mgahawa anaona meza imeshikwa bila mauzo. Akichoka, anaziba soketi. Wote wawili wana haki. Tatizo ni kwamba wanauziana kiti bila kukitaja.

Ndiyo maana naamini migahawa yetu iuze saa waziwazi: kahawa kwa bei ya kahawa, kiti kwa bei ya kiti. Jambo hili limeshajaribiwa. Ivan Mitin alifungua mgahawa wa Ziferblat mjini Moscow mwaka 2011, mteja akalipia dakika alizokaa huku kahawa na biskuti vikiwa bure. Tawi la London lilipofunguliwa mwaka 2014 lilitoza peni 3 kwa dakika. Sisi hatuna haja ya kugawa kahawa bure. Inatosha kutenganisha bei hizo mbili.

Wapo watakaosema vijana hawana pesa ya kulipia kukaa. Lakini wanalipa tayari: wengine kwa kapuchino ya pili na ya tatu wasizozitamani, wengine kwa wasiwasi wa kuinuliwa katikati ya kikao cha mtandaoni. Ofisi za kukodi kwa mwezi zipo, ila zinamfaa mwenye kipato cha uhakika, si aliyepata kazi ya siku mbili. Pingamizi zito zaidi ni la heshima: mgeni kuhesabiwa saa ni aibu. Nalielewa. Hata hivyo, kumtuma mhudumu aje kufuta meza iliyo safi mara nne ili mtu aondoke kunamvunjia mgeni heshima zaidi kuliko bei iliyoandikwa ukutani.

Kuna faida nyingine isiyosemwa. Kilimanjaro inatoa arabika, Kagera inatoa robusta, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo inasafirishwa nje ikiwa mbichi. Kikombe kikipunguziwa mzigo wa pango, Mtanzania wa kawaida ataweza kuingia, kunywa kahawa ya nchi yake na kutoka baada ya dakika kumi. Na anayetafuta mahali pa kufanyia kazi, kabla ya kuuliza nywila ya waifai, amuulize mwenye mgahawa: saa moja hapa ni shilingi ngapi, na umeme ukikatika inakuwaje?