Selimundu Si Laana ya Ukoo

Yameenea mafundisho katika mikesha na semina zetu kwamba mtoto mwenye selimundu amebeba laana ya ukoo. Kwamba wazazi wakitubu dhambi za mababu na mtoto akanywa maji ya upako, damu yake itasafishika. Tunasema wazi: mafundisho haya ni ya uongo. Yanapingana na elimu ya mwili, na zaidi ya hapo yanapingana na Injili.

Tuanze na mwili. DNA ni mfano wa ngazi iliyosokotwa, na kila kipago chake ni jozi ya besi mbili za naitrojeni. Adenini hushikana na thaimini kwa vifungo viwili vya haidrojeni. Guanini hushikana na saitosini kwa vitatu. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini vikiwa vingi hushikilia ngazi nzima. Seli inapotaka kugawanyika, ngazi hufunguka katikati kama zipu, na kila upande hujengewa mwenzake kwa kanuni ileile. Watson na Crick walilieleza umbo hilo mwaka 1953, wakitegemea pia kazi ya Rosalind Franklin.

Katika jeni ya himoglobini, mahali pamoja tu, thaimini imechukua nafasi ya adenini. Kwa badiliko hilo moja, oksijeni inapopungua himoglobini hugandamana, seli nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu yale ya mtoto. Nayo kanuni ya jozi huinakili besi hiyo kwa uaminifu uleule inavyonakili nyingine zote. Haiulizi babu alitambikia wapi.

Tena, aliyerithi nakala moja kwa kawaida haugui, bali hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 baada ya uchunguzi wake Afrika Mashariki. Ni laana gani hii inayookoa watoto?

Ugonjwa huja mtoto anapopokea nakala ya namna hiyo kutoka kwa baba na kwa mama pia. Hata hivyo, katika familia nyingi anayenyoshewa kidole ni mama peke yake: ameleta mkosi, arudi kwao. Mahubiri ya laana ndiyo yanayowapa wakwe fimbo ya kumchapia.

Watatuuliza, je, Mungu hawezi kuponya? Anaweza, nasi tunawaombea wagonjwa kila juma. Lakini katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, na Bwana akakataa kumhukumu yeye wala wazazi wake. Ezekieli sura ya 18 inakataa mwana kubebeshwa uovu wa baba yake. Anayehubiri kinyume cha hayo na kumwachisha mtoto penisilini na kliniki, anamjaribu Mungu kwa uhai wa mtoto asiye wake.

Basi wachungaji wetu wayakomeshe mafundisho haya madhabahuni. Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa washauriwe kupima himoglobini mapema, bila kutishwa wala kuaibishwa. Na mama anayeingia kanisani na mtoto anayelia kwa maumivu aombewe, kisha apatiwe nauli ya kwenda hospitali.