Aliyelala Ukumbini Hahesabiwi

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar, hutoa taarifa ya watalii: wameingia wangapi, wanatoka nchi gani, wamepitia uwanja wa ndege au bandarini. Mwaka 2024 walipita 700,000. Ni kazi nzuri na hatuionei kijicho. Tunachosema ni kwamba mgeni mwenye chumba chake Nungwi tunamfuatilia mwezi kwa mwezi, ilhali mkaazi asiye na chumba popote hana taarifa ya namna hiyo. Tumelitenga toleo hili kwa ajili yake, na tumeanza na swali gumu kuliko lile la kumsaidia: tutamjuaje?

Sensa ilimtafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 waliokuwa safarini, hotelini, hospitalini na waliolala nje walihesabiwa pale pale walipokutwa. Matokeo yakatuambia kwamba Zanzibar ina watu 1,889,773, na kwamba Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake umetoka 593,678 mwaka 2012 hadi 893,169. Karibu watu laki tatu zaidi katika miaka kumi, ndani ya mkoa ambao mtu anaweza kuuvuka kwa daladala kabla kahawa yake haijapoa. Wote hao wanalala mahali. Karani wa sensa hutaka kujua walilala wapi usiku ule, nasi tunataka kujua walilala kwa idhini ya nani.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ufukweni. Mvuvi aliyepiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kaskazini ya Unguja analala juu ya mchanga, shuka moja, mafiga matatu kando yake na sufuria ya wali iliyobaki ukoko. Kwa kipimo cha paa, huyo ni mtu asiye na makazi. Kumbe ana nyumba kwao, ina mke na watoto, na bahari ikichafuka atarudi. Sasa ingia mjini, Ng'ambo, nyumba yoyote yenye bati zima. Ukumbini kuna godoro lililosimamishwa nyuma ya mlango. Ni la dada wa mwenye nyumba, aliyepewa talaka. Hawezi kulitandika mpaka wa mwisho amalize kutazama televisheni, na lazima aliondoe kabla ya alfajiri kwa sababu kaka yake na vijana wanapita hapo kwenda msikitini. Nguo zake zimo kwenye mkoba chini ya kitanda cha wifi yake, na akitaka kubadilisha kanga hubisha hodi kwanza. Mtoto mmoja yuko naye, mwingine kabaki kwa bibi yake Makunduchi. Karani anamwandika kuwa mmoja wa watu wa kaya ile, na kwa fomu yake hakukosea hata kidogo.

Hapa Unguja ukosefu wa makazi umejificha ndani ya ukarimu wetu. Waliolala Forodhani baada ya wauza pweza na mishikaki kufunga meza zao wapo, na hatudai kwamba hawahitaji msaada. Lakini hao ni wale ambao milango yote imekwisha. Kabla ya kufika pale mtu hupita kwa kaka, kwa shangazi, kwa rafiki mwenye geto, kwenye baraza ya msikiti, na kila mlango una muda wake. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia mwaka wa tatu tumpe nini.

Kundi jingine linaishi ndani ya mapagala. Pita Fuoni au Tunguu, uone nyumba zilizofika kwenye linta, madirisha yamezibwa kwa mabati makuukuu na mifuko ya saruji. Ndani kuna kijana, mara nyingi katoka bara au Pemba, aliyewekwa kulinda nondo na matofali. Halipi kodi, na mshahara wake ni mdogo kwa sababu makazi yamehesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Kila mwenye nyumba anapopata fedha akapiga lipu, akatia milango, yule kijana anasogea karibu na siku ya kuondoka. Nyumba ikikamilika yeye hana pa kulala, na pengine aliyepaka rangi ya mwisho ni yeye mwenyewe.

Mji Mkongwe una hadithi yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya serikali, na majumba mengi ya mawe yaliyoachwa au kutaifishwa yakagawiwa familia zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja na jamaa zake likawa la familia nne, tano, kila moja na chumba chake, ngazi moja, choo kimoja. Ilikuwa haki kubwa kwa watu ambao baba zao walijenga vibanda kwenye viwanja vya wengine. Tusisahau kwamba mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, wanawake wengi wakiwemo, waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao wenyewe. Ila jumba la mawe linataka chokaa kila baada ya misimu michache, na boriti za mikoko zikinyeshewa huoza kimyakimya. Kodi ndogo haikutosha matengenezo. Beit al Ajaib, jumba ambalo dunia nzima inalitazama, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, wakafa watu wawili. Jumba la uchochoroni, ambalo UNESCO inalihesabu tu kama sehemu ya urithi iliouorodhesha mwaka 2000, likianza kupasuka wapangaji huambiwa wahame kwa usalama wao. Agizo hilo ni sahihi. Wahamie wapi, barua haisemi.

Na pale jumba linapopona, hupona kwa kuwa hoteli. Simlaumu mwenye nyumba anayeona kwamba chumba kimoja kwa siku tatu kitamwingizia fedha kuliko familia nzima kwa mwezi. Lakini mpangaji aliyetolewa Shangani au Kiponda akitafuta chumba kwingine anakutana na dalali anayetaka lake kwanza, kisha mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita, au mwaka, mkononi. Mtu anaweza kumudu kodi ya kila mwezi na bado akalala kwa shemeji yake kwa sababu tu hana ya miezi sita kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu tukubaliane nani tunamtafuta. Kigezo tunachopendekeza ni swali moja ambalo mtu yeyote anaweza kulijibu hata akiwa hajui kusoma: ukiambiwa utoke kesho, unacho cha kukuwezesha kukataa? Mkataba, hati, fungu la mirathi, kadi ya nyumba ya maendeleo, hata neno la baba mbele ya mashahidi. Aliye na kimojawapo ana makazi, hata kama bati linavuja, na shida yake ni nyingine. Asiye nacho hana makazi, hata kama juu ya kichwa chake kuna vigae. Kutakuwa na ubishi mpakani, hasa kwa vijana ambao hawajaoa na bado wako kwa wazazi. Huo tuuvumilie.

Waliotutangulia wameona kipimo kinavyobadilisha picha. Kenya ilifanya sensa maalumu ya familia za mitaani mwaka 2018 ikapata watu 46,639, kati yao 7,529 wakiwa Mombasa, mji ambao si mgeni kwetu kwa damu wala kwa kanzu. Sensa ya taifa ya mwaka uliofuata haikupata hata nusu ya idadi hiyo. Hawakuwa wamepata nyumba kwa mwaka mmoja. Walitafutwa kwa namna nyingine. Marekani huhesabu usiku mmoja mwishoni mwa Januari, na mwaka 2024 ilipata 771,480, bila ya waliojibanza kwa jamaa. Skuli za huko huko, zikifuata sheria nyingine, humwandika mtoto anayeishi kwa kujibanza kuwa hana makazi. Ufini ndiyo inayotufaa zaidi: kila Novemba huwahesabu pia wanaokaa kwa muda kwa ndugu na marafiki, na hao ndio wengi wao. Kutoka zaidi ya 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 walishuka chini ya 4,000 kufikia 2024, kwa sera ya kumpa mtu nyumba kwanza, mengine baadaye. Nchi tajiri, ndiyo. Lakini kumhesabu aliyelala kwa shangazi hakuhitaji utajiri.

Jibu la haraka litakuwa kwamba kazi hii ni ya sheha. Sheha anamjua kila mtu, barua yake ndiyo mwanzo wa kila karatasi, na safari ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huanzia barazani kwake. Hapo ndipo penye tatizo. Mlinzi wa pagala asiye wa shehia hiyo hana barua, kwa hivyo hayumo. Dada wa ukumbini shehia yake ni ile ya mume aliyemwacha. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi sheha ndiye aliyeulizwa nani mkaazi na nani mgeni wakati wa kuandikisha wapiga kura, na ugomvi uliozaliwa hapo hauhitaji kusimuliwa katika ukurasa huu. Mtu aliyewahi kukataliwa hatamfungulia mlango sheha huyo huyo aje kumuuliza analala wapi. Akishuku kwamba orodha itaishia mikononi mwa wanaowarudisha watu kwao kwa boti, atasema analala kwake, nasi tutaandika uongo kwa wino mzuri.

Wako wanaouona ukweli bila ya kuutafuta. Mwalimu wa skuli anajua mtoto gani amehama mara tatu kwa mwaka na sare zake zimebaki kwa jamaa. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anaona kadi yenye anwani iliyokatwa na kuandikwa upya. Karani wa Mahakama ya Kadhi anajua wanawake wangapi wamemaliza eda mwezi huu. Hao wakiulizwa idadi tu, bila majina, tutapata picha ya awali kwa gharama ndogo. Sheha abaki kufungua njia na kutoa salamu, daftari lisikae kwake.

Atakayesema haiwezekani akumbuke pensheni jamii. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi amekuwa akiandikishwa, shehia kwa shehia, na kulipwa, mwanzo shilingi 20,000 kwa mwezi. Wazee walijitokeza kwa sababu jina liliambatana na pesa. Hesabu yetu nayo iambatane na kitu.

Kitu gani? Kurasa zijazo zinatoa majibu yanayogongana, na nimewaacha waandishi wagongane. Langu ni kwamba tunavyo vitu ambavyo nchi nyingine zingevilipia ghali. Kamisheni ya Wakfu, iliyoanzia enzi za Waingereza mwaka 1905, inasimamia nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na waliozitoa hawana haja ya fedha za kodi huko waliko. Wengi walitaka thawabu ya kumsitiri maskini. Sehemu ya nyumba hizo ingerudishwa kwenye kazi hiyo, kwa muda maalumu, kwa mtu aliyetajwa na hesabu. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kutazama mchango wa mke katika mali ya ndoa. Mke aliyekanda udongo na kubeba mawe ya nyumba asitoke na mkoba tu, kama ushahidi wa mchango huo utaanza kuandikwa mapema. Mfuko mdogo wa kukopesha kodi ya miezi sita ungewatoa ukumbini watu ambao tayari wana kipato. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ziendelee, lakini tusizifanye jibu la kila mtu. Welezo palikuwa na makazi ya maskini ya wamisionari tangu enzi za ukoloni, na tangu wakati huo tumezoea kudhani kwamba asiye na kwao ni mzee au mgonjwa. Siku hizi ni mama wa miaka 30 mwenye kibanda cha chapati.

Pendekezo la toleo hili ni dogo makusudi. Tuanze na shehia tatu: moja ndani ya Mji Mkongwe, moja ya Ng'ambo inayofurika, upande wa Sebleni au Mwanakwerekwe, na moja ya mahoteli kaskazini. Tuhesabu mara mbili, kabla ya masika na baada yake, kwa sababu mvua kubwa huwahamisha watu bila ya barua. Hesabu ya kwanza ikianza Februari, idadi itakuwa mezani kabla ya kikao cha bajeti cha Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani, na mwakilishi wa jimbo atakuwa na namba ya kumuulizia waziri.