Masikio yetu, namba za Kiswahili na alama moja ya kutoa

Nimekuwa kimya, kazi za programu zilinibana. Leo tuzungumze masikio.

Januari 2024, jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya madaktari wa Shanghai: kati ya watoto 6 waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni ya OTOF, 5 walianza kusikia baada ya kupewa jeni nzima. Habari kubwa! Lakini mimi nakaa Kisauni, na kwa maoni yangu kitakachotufaa kwanza sisi wa nje ya kisiwa kiko ndani ya simu.

Ni kipimo cha namba. Unavaa vispika vya masikioni, unasikia namba tatu katikati ya kelele, kisha unazibonyeza. Ukipatia, raundi inayofuata huwa ngumu zaidi. Ukikosa, huwa rahisi. Waholanzi walikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa simu za kawaida. Mwaka 2016 Afrika Kusini ikakifanya programu ya simu, na 2019 Shirika la Afya Duniani likatoa yake, hearWHO.

Kilikuwa na kasoro: sikio lililoziba liliweza kupita kwa kuongeza sauti tu. Mwaka 2020 Karina De Sousa wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzake walionyesha dawa yake: geuza wimbi la namba katika sikio moja, kelele iache ilivyo. Masikio mawili mazima hunufaika; moja likiwa na hitilafu, faida hupungua. Kwetu waandishi wa programu, hiyo ni alama moja ya kutoa!

Kazi iliyobaki ni lugha. Bibi wa Likoni akisomewa namba kwa Kiingereza, anapimwa Kiingereza, si masikio. Waholanzi waliziacha 7 na 9 kwa kuwa zina silabi mbili. Sisi, moja hadi tisa, zote zina silabi mbili. Bahati iliyoje! Ila nne na nane, sita na tisa hukaribiana, kwa hiyo kila namba irekodiwe na kupimwa kwa wasikilizaji halisi, pamoja na daktari wa masikio.

Simu haitibu. Lakini mhudumu wa afya ya jamii angeweza kumpima mzee kibarazani kwake, ajue kama kuna haja ya kumvusha feri kwenda hospitali. Vijana wa kompyuta wa Changamwe, Likoni na Kisauni, kazi hii ni yetu. Tusingoje Shanghai.

Nawasilisha.